Kamisheni ya 22 au ya 18? Ulinganisho kwa wakala wa Medigap kabla ya kusaini mkataba

Wakala anayeanza kuuza Medigap Marekani, yaani bima binafsi inayoziba pengo la Medicare (bima ya afya ya serikali kuu, hasa kwa wenye miaka 65 na zaidi), huwekewa mezani mikataba miwili au mitatu kwa mpigo, na jicho lake hukimbilia asilimia ya kamisheni. Huyu anatoa 22, yule 18. Anasaini wa 22. Mwaka wa tatu au wa nne simu zinaanza kulia: bibi amepokea barua, ada yake imepanda tena, jirani yake mwenye bima hiyohiyo analipa pungufu, na anataka kujua wewe uliyemuuzia ulikuwa unafikiria nini.

Nawaandikia Waswahili wenzangu walio kwenye kazi hii au wanaoipigia hesabu. Wengi wetu tumeingia kupitia bima ya maisha, ambako mwaka wa kwanza unalipa donge nono na miaka inayofuata inaleta chenji. Medigap haiendi hivyo, na anayeiuza kwa akili ya bima ya maisha huumia polepole bila kujua anaumizwa na nini.

Bidhaa ni ileile

Medicare ya asili hulipa asilimia 80 ya gharama za daktari baada ya mteja kutoa kiasi cha kwanza cha mwaka, dola 257 mwaka 2025 na dola 283 mwaka 2026. Asilimia 20 inayobaki haina kikomo, na hapo ndipo Medigap inapoingia. Tangu 1992 mipango hii imepangwa kwa herufi. Mpango G wa kampuni moja unalipa sawasawa na Mpango G wa kampuni nyingine, kwa daktari yuleyule na hospitali ileile. (Massachusetts, Minnesota na Wisconsin zina mipango yao wenyewe. Wakala wa Minneapolis asome hesabu zangu huku akikumbuka hilo.)

Kwa hiyo mteja wa Mpango G akilinganisha kampuni, kinachotofautiana ni bei ya leo, mwendo wa bei hiyo miaka ijayo, na huduma ya kampuni na wakala. Bei ya leo unaiona kwenye kompyuta kwa sekunde tano. Mwendo wake ndio ujuzi wa wakala, na ndio kitu ambacho karatasi ya kamisheni haikutajii.

Kamisheni inatoka wapi

Sheria inaitaka kampuni irudishe kwa wateja, kwa njia ya madai, angalau senti 65 za kila dola ya ada kwenye bima ya mtu mmojammoja, na senti 75 kwenye bima ya kikundi. Kamisheni yako, mishahara ya ofisi, matangazo na faida vyote vinakaa ndani ya kile kinachobaki. Kampuni inayokulipa zaidi kuliko wenzake huku bei yake ya kuanzia ikiwa chini kuliko ya wenzake inajibana mahali fulani. Mara nyingi bei ile ya kuanzia ndiyo chambo, na marekebisho yanakuja baadaye kwa barua.

Kanuni ya mfano ya NAIC, yaani chama cha makamishna wa bima wa majimbo, inasema kamisheni ya mwaka wa kwanza isizidi mara mbili ya ile ya mwaka wa pili, na kwamba ile ya kuendelea ilipwe kwa kiwango kilekile kwa miaka isiyopungua mitano. Majimbo yameichukua kanuni hiyo kila moja kwa namna yake. Ndiyo sababu kampuni nyingi zimezoea kulipa kiwango kimoja kwa miaka sita, kisha kinashuka sana kuanzia mwaka wa saba. Kanuni hiyohiyo inasema ukimhamisha mteja kutoka bima moja ya Medigap kwenda nyingine, usilipwe zaidi ya kamisheni ya kuendelea ya kampuni mpya. Ambapo kiwango ni kimoja tangu mwaka wa kwanza, kizuizi hicho hakibani kitu, maana mwaka wa kwanza na wa kuendelea ni fedha ileile. Shika hili, nitalirudia.

Mikataba miwili

Tuchukue mfano wa kubuni, wenye sura ninayoiona kila siku. Mteja ana miaka 65, anataka Mpango G.

Kampuni ya Kwanza inaanza na dola 115 kwa mwezi. Kamisheni ni asilimia 22, lakini inahesabiwa kwa ada ya siku ya kuandikishwa tu. Ada ikipanda, kamisheni yako inabaki palepale. Ada inapanda asilimia 14 kila mwaka.

Kampuni ya Pili inaanza na dola 135. Kamisheni ni asilimia 18 ya ada anayolipa mteja mwaka huo. Ada inapanda asilimia 6 kila mwaka.

| Mwaka | Ya Kwanza: ada kwa mwezi | Ya Kwanza: kamisheni ya mwaka | Ya Pili: ada kwa mwezi | Ya Pili: kamisheni ya mwaka |
|---|---|---|---|---|
| 1 | 115.00 | 303.60 | 135.00 | 291.60 |
| 2 | 131.10 | 303.60 | 143.10 | 309.10 |
| 3 | 149.45 | 303.60 | 151.69 | 327.64 |
| 4 | 170.38 | 303.60 | 160.79 | 347.30 |
| 5 | 194.23 | 303.60 | 170.43 | 368.14 |
| 6 | 221.42 | 303.60 | 180.66 | 390.23 |

Mwaka wa kwanza mkataba wa 22 unakuzidishia dola 12. Dola kumi na mbili tu! Ukifika mwaka wa pili tayari umepitwa. Kwa miaka sita, Kampuni ya Kwanza inakupa dola 1,821.60 na ya Pili 2,034.01. Mteja naye kwa muda huohuo analipa karibu dola 11,779 kwenye ya Kwanza na karibu dola 11,300 kwenye ya Pili. Aliyefuata bei nafuu amelipa zaidi, na aliyefuata asilimia kubwa amepata kidogo.

Nimechagua viwango vya ongezeko mimi mwenyewe, na ukivibadilisha jibu litabadilika. Kampuni ya Kwanza ingepandisha asilimia 9 badala ya 14, mteja angekuwa mbele kwa miaka yote sita. Kwa hiyo usiichukue jedwali hii kama hukumu. Ichukue kama hesabu ya kufanya kila unapoletewa mkataba, ukiweka historia halisi ya ongezeko la kampuni hiyo katika jimbo lako. Maombi ya kupandisha ada hupelekwa kwa idara ya bima ya jimbo, na mengi yanasomeka na mtu yeyote. FMO wako, yaani wakala mkuu anayekuunganisha na kampuni za bima, pia anayo historia hiyo. Akisita kukupa, hilo nalo ni jibu.

Kuna jambo kwenye Kampuni ya Pili ambalo sitalificha. Kamisheni inayofuata ada inapopanda maana yake kipato chako kinakua kwa barua ileile inayomuumiza mteja. Wapo wanaoiona dosari ya kimaadili. Mimi naona ni afadhali kuliko mtindo wa kamisheni iliyoganda, kwa sababu wakala wa kamisheni iliyoganda ana kishawishi kibaya zaidi, na nitakieleza sasa hivi.

Mteja anapotaka kuhama

Mwaka wa nne wa Kampuni ya Kwanza, ada ni dola 170 na mteja amechoka. Wakala ana njia mbili. Anaweza kukaa kimya ampoteze, akiwa amevuna dola 910.80 kwa miaka mitatu. Au anamhamishia kampuni nyingine yenye bei ya chini, na saa ya miaka sita ya kamisheni inaanza upya, safari hii kwa ada ya mtu wa miaka 68 ambayo kwa kawaida ni kubwa kuliko ya miaka 65. Kanuni ya kutolipwa zaidi kwa kuhamisha haimzuii, kama nilivyosema hapo juu.

Kwa mteja mwenye afya nzuri, kuhama huko ni haki kabisa na mara nyingi ndio ushauri sahihi. Tatizo ni yule asiye nayo. Dirisha la kujiunga bila kuulizwa maswali ya afya ni miezi sita tangu mtu anapokuwa na miaka 65 na Sehemu B, yaani ile sehemu ya Medicare inayolipia madaktari. Likishafungwa, katika majimbo mengi kampuni mpya inauliza kuhusu moyo, saratani, kisukari chenye madhara, oksijeni ya nyumbani, na inachungulia orodha ya dawa anazochukua. Aliyepata mshtuko wa moyo mwaka wa tatu habanduki. Anabaki Kampuni ya Kwanza akilipa 170, kisha 194, kisha 221.

Sasa zidisha jambo hilo kwa mawakala elfu moja. Wenye afya wanahamishwa, wagonjwa wanabaki, madai kwa kila aliyebaki yanaongezeka, kampuni inaomba ongezeko kubwa zaidi, na wenye nafuu waliobaki nao wanaondoka. Wakati mwingine kampuni inalifunga kundi lile na kuanza kuuza kupitia kampuni dada yenye jina jipya na bei mpya ya chini, huku kundi la zamani likizeeka bila damu mpya. Mpango F uliingia katika hali inayofanana na hiyo kisheria: tangu Januari 1, 2020 hauuzwi kwa aliyeanza kustahili Medicare kuanzia siku hiyo, hivyo waliomo wanazeeka pamoja.

Mfumo wa bei, jambo lisiloulizwa

Kabla ya kuuliza asilimia, uliza ada inapangwa kwa mfumo gani. Ipo inayopanda kadiri umri wa mteja unavyopanda. Ipo inayoangalia umri wake siku ya kujiunga tu. Na ipo inayotoza watu wote wa eneo kiwango kimoja bila kujali umri. Zote tatu hupanda kwa mfumuko wa gharama za matibabu, kwa hiyo anayemwambia mteja kwamba ada ya umri wa kujiunga "haipandi" anadanganya. Tofauti ni kwamba mfumo wa kwanza unaongeza umri juu ya mfumuko huo, na ndio uliotapakaa zaidi, kwa sababu unazaa bei ndogo kabisa kwa mtu wa miaka 65. Rahisi ghali.

Kwa mteja wa miaka 65 anayetegemea kuishi hadi 85, mimi humuonyesha bei ya kampuni hiyohiyo kwa mtu wa miaka 75 leo, kabla hajachagua. Inachukua dakika moja na inapunguza nusu ya simu za hasira.

Jimbo lako linabadilisha jibu

Wakala wa Texas na wakala wa California hawawezi kutumia ulinganisho mmoja. California ina dirisha la siku 60 kuanzia siku ya kuzaliwa ya mteja, ambapo anaweza kuhamia mpango wenye mafao sawa au pungufu bila maswali ya afya. Oregon ina la siku 30. Missouri inafuata kumbukumbu ya tarehe ya bima badala ya siku ya kuzaliwa. New York na Connecticut zinaruhusu kujiunga wakati wowote wa mwaka bila kuulizwa afya, na ada zake za juu zinaonyesha hivyo.

Kwa mteja sheria hizi ni neema. Kwa wakala zina pande mbili. Mgonjwa anaweza kutoka kwenye kampuni iliyopandisha ada, hivyo kosa la kuchagua bei ya chambo halimfungi maisha. Lakini kampuni zinajua kwamba wanaohama bila maswali ni wagonjwa zaidi, na nyingi zimepunguza kamisheni ya mauzo ya aina hiyo, au kuiondoa kabisa. Hali ni hiyohiyo kwa anayejiunga kwa haki maalumu baada ya kupoteza bima nyingine, na kwa walio chini ya miaka 65 wenye ulemavu. Karatasi ya kamisheni inaandika asilimia kubwa juu kwa herufi nene. Yanayohusu mauzo haya yamo chini, kwa herufi za kusoma na miwani. Katika jimbo lenye dirisha la siku ya kuzaliwa, sehemu kubwa ya kazi yako inaweza kuangukia huko chini, kwa hiyo hapo ndipo pa kulinganishia mikataba.

Na Medicare Advantage?

Swali hili huja kila mara, kwa sababu Medicare Advantage, yaani mipango ya kampuni binafsi ambayo mteja huichukua badala ya Medicare ya asili, inamlipa wakala fedha zinazoonekana. CMS, idara ya serikali kuu inayosimamia Medicare, ndiyo inayoweka ukomo wa juu wa kamisheni: kwa majimbo mengi ni dola 626 kwa uandikishaji mpya na 313 kwa mwaka wa kuendelea katika 2025, na dola 694 na 347 katika 2026. California, New Jersey na maeneo mengine machache ni juu zaidi. Medigap haina ukomo wa dola kutoka serikali kuu. Ina asilimia tu, na mazoea ya soko.

Ukiweka 347 kando ya 303.60 au 390.23 za mfano wangu, utaona zinakaribiana kuliko watu wanavyodhani. Tofauti kubwa ni ya kazi. Kamisheni ya Advantage haijali ada imepanda au la, maana mipango mingi haina ada ya ziada kabisa. Inaendelea kulipwa mteja anapobaki, bila kushuka mwaka wa saba, mradi ufanye mtihani na vyeti vya kila mwaka. Lakini mipango hubadilika kila Januari, madaktari huingia na kutoka kwenye mtandao, na kati ya Oktoba 15 na Desemba 7 hulali. Mteja akijitoa ndani ya miezi mitatu ya kwanza, kamisheni yote inarudi kampuni. Tena miaka hii ya karibuni kampuni kadhaa zimesimamisha kamisheni kwenye baadhi ya mipango ya Advantage na ya dawa, wakati mwingine msimu wa mauzo ukiwa umeshaanza.

Mteja wa Medigap, ukimweka mahali pazuri, anakuhitaji mara moja kwa mwaka, barua ya ada inapofika. Mimi nauza zote mbili na sioni aibu. Ninachokataa ni kumwingiza mtu Advantage akiwa na miaka 65 kwa sababu ya tarakimu ya 694, bila kumweleza kwamba akiugua akiwa na 70 huenda mlango wa Medigap ukawa umefungwa.

Na kwa jamii zetu: wazee wengi walioletwa na watoto wao wana Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo. Mtu mwenye Medicaid kwa kawaida huruhusiwi kumuuzia Medigap, hata akikuomba kwa upendo.

G au N

Kwa kifupi. Mpango N una ada ndogo kuliko G, kwa hiyo asilimia ileile inakupa dola chache. Mteja anachangia hadi dola 20 kwa ziara ya daktari na hadi 50 kwa chumba cha dharura asipolazwa. Lakini N haichukui wanaojiunga kwa haki maalumu kwa wingi kama G inavyowachukua tangu F ilipofungwa kwa wapya, na kundi lenye wagonjwa wachache lina sababu chache za kupanda. Mteja asiyeenda kwa daktari mara kwa mara hukaa na N muda mrefu. Kupoteza dola hamsini za kamisheni kwa mwaka ili abaki miaka sita ni biashara nzuri.

Kulipwa mbele au mwezi kwa mwezi

Baadhi ya mikataba inakupa kamisheni ya miezi tisa au kumi na mbili siku bima inapoanza. Tamu, hasa unapodaiwa kodi ya nyumba. Ila hilo ni deni: mteja akiacha bima mwezi wa nne, kampuni inakata sehemu isiyofanyiwa kazi kwenye malipo yako yajayo, na kama huna yajayo, inakudai. Ukichanganya malipo ya mbele na kampuni inayopandisha ada kwa kasi, umejiwekea mtego mwenyewe, maana wanaohama wanahama kwa makundi baada ya barua zilezile. Chukua malipo ya mbele kwa kampuni zenye ada tulivu, na ya mwezi kwa mwezi kwa zile usizoziamini. Wengi hufanya kinyume, kwa sababu zile zisizoaminika ndizo zinazotangaza malipo ya mbele kwa sauti kubwa.

Nani achague nini

Ukiwa jimbo lenye maswali ya afya baada ya dirisha, na mteja ni wa miaka 65 mwenye ugonjwa wowote wa kudumu, mweke kwenye kampuni yenye historia ya ongezeko dogo hata kama kamisheni ni pungufu. Hana nafasi ya pili. Mteja mwenye afya, mwenye kipato kidogo, anayeelewa kwamba huenda akahama baada ya miaka mitatu na yuko tayari kwa hilo, anaweza kuanza na bei ya chini. Lakini mwandikie hayo kwa maandishi, na uweke tarehe ya kumpigia simu kabla barua haijamfikia. Ukiwa California au Oregon, bei ya kuanzia ina uzito zaidi na historia ina uzito kidogo, na kamisheni ya mauzo yasiyo na maswali ndiyo ya kupigania kwenye mkataba.

Kama ungali mgeni kwenye kazi na una mkataba mmoja tu wa kuchagua, chagua unaolipa kwa ada ya sasa, si ya siku ya kuandikishwa, hata kwa pointi tatu au nne pungufu.

Mwisho, tafuta kifungu kinachoeleza nani anamiliki kamisheni za kuendelea ukiondoka kwa wakala mkuu wako. Mikataba mingine inakuachia zote tangu siku ya kwanza. Mingine inazikata ukihama, au jumla yako ya mwaka ikishuka chini ya kiasi fulani. Nimeona watu wakibishana wiki nzima juu ya 18 na 22, kisha wakasaini mkataba ambao ukiondoka unaacha yote. Kifungu kikiwa na utata, uliza kwa barua pepe ili jibu libaki kwa maandishi, na usisaini hadi lifike.